Disketi Iliyopigwa Kashe

Hakuna kitu cha mashini kinachoweza kunishangaza mimi. Ninasema hivi nikiwa nimekaa, sijalewa, na mutu yeyote wa Bukavu mwenye umri wangu atakuambia ni kweli. Toka Kadutu mpaka Nguba, hakuna mashini ya kuandikia ya biro, yaani ya ofisi, ambayo mikono yangu haikuingia tumboni mwake. Roneo za kuchapia za maparokia, kalkuleta za wafanya biashara, redio za makoloneli, frigo za masista, vyote vilipita kwangu na vikarudi kwa wenyewe vikifanya kazi. Shule nilifika mwaka wa tano wa primeri, tena nusu yake, juu baba alinitoa nikachume majani ya chai. Wale waliomaliza shule walikuwa wananileteaga mashini zao wakisimama mulangoni kwa adabu, wakisema, "Fundi, tafazali."

Nilianza kwa Mugiriki mumoja aliyekuwa na duka la mashini za biro upande wa Nyawera. Kwanza nilifagia, kisha nikapanguza, kisha nikafungua. Wakati maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi, yeye alipanda gari kuelekea Burundi akaniachia sanduku la turnevisi, bisibisi zake zote. Mwananchi aliyepewa duka aliuza rafu, akauza meza, akauza hata mulango. Mimi nikabaki na sanduku. Nyumba ninayokaa leo imetoka mu ile sanduku, ukuta na bati lake.

Ordinatere yangu ya kwanza, yaani kompyuta, niliipata ikiwa imekufa. Mubelgiji mumoja aliyefundisha hapa, siku za kurudi kwao, aliniambia niitupe. Ilikuwa ndogo, nene sawa kitabu cha misale cha padri, na vidude vya herufi juu yake. Unaifunga kwenye televisheni, na mambo unayoandika unayahifadhi kwenye kaseti ya muziki. Niliifungua, nikaona ni kapande kamoja tu kameungua, nikakatoa kengine mu redio ya zamani. Ilipowaka, iliandika maneno mawili ya kizungu kwenye tele, kisha kaalama kadogo kakabaki kanapepesa, sawa jicho la mutu anayengoja useme.

Mimi sikujua la kusema. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, ndiye alijua.

Bibi yangu, lazima nimueleze, alisoma kwa masista mpaka akamaliza. Diploma yake ya komersiale, ya kazi za biro, iko sebuleni. Mimi mwenyewe niliipigia musumari. Anaandika kwa vidole kumi bila kuangalia, huku anaongea na wewe, huku anakataza watoto wasipigane. Mimi ninaandika kwa vidole viwili na ninaangalia vyote viwili. Lakini mashini ikikataa, yeye anaondoa mikono na kuniangalia mimi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Siku moja, kwenye soko la Kadutu, maman mumoja aliniuzia karanga mu karatasi iliyokunjwa. Nilipomaliza karanga niliangalia karatasi. Ilikuwa ukurasa wa gazeti la mambo ya ordinatere, la Kifaransa, na katikati yake kulikuwa programu nzima imeandikwa musitari kwa musitari, kila musitari na namba yake. Nilirudi mbio. Nilimukuta maman amekaa juu ya furushi zima. Mapadri walikuwa wamesafisha maktaba yao na kuuza magazeti ya zamani kwa kilo.

"Maman, niuzishie yote."

"Karanga?"

"Karatasi."

Aliniangalia sana. "Papa, unafungua duka la karanga mbele yangu?"

Ilinibidi ninunue na karanga, tulizila mwezi muzima.

Toka siku ile, Jumapili kiisha misa, mimi na bibi yangu tulikuwa tunakaa mbele ya tele. Yeye anasoma ukurasa na kuandika, mimi ninafuata kwa kidole ili asiruke musitari. Umeme ukikatika tunaanza upya na tunacheka. Kulikuwa programu moja ya kupanga majina kufuata alfabeti, na ukurasa wake wa mwisho haukuwamo. Mutu fulani alishaula pamoja na karanga zake. Tuliumalizia wenyewe. Jumapili nyingi ziliisha juu ya ule mwisho. Ilipotembea kwa mara ya kwanza, ikapanga majina ya watoto wetu na ya majirani kwenye ekra ya tele bila kosa, bibi yangu alipiga makofi sawa mutoto, na mimi niliinuka nikazunguka nyumba. Sijawahi kujenga kitu kingine kilichonifanya nizunguke nyumba.

Kwa sababu hiyo nina mawazo yangu juu ya programu, na nitayasema mbele ya enjenyeri yeyote. Habari za mashini zilitufikia zikichelewa miaka, zikiwa na mafuta ya karanga, lakini zilifika. Tulisoma kwamba kule Amerika makampuni yanashitakiana juu ya nani ameiga nani. Tulisoma barua ya mufanya biashara analia kwamba vijana wanakopia disketi zake bila kulipa. Bibi yangu alimuhurumia. Mimi hapana. Kwetu Bushi, jirani akikuomba miti ya muhogo ya kupanda, unamukatia, haumuuzishie. Shamba lako halipunguki. Programu ni vile. Mutu alipwe kazi yake, sawa, na mimi ninalipwa. Lakini kuniuzia kitu na kukifunga nisione ndani yake, hiyo ni kunifanya mubeba mizigo. Ninabeba sanduku, funguo iko kwa bwana. Programu za gazeti zilikuwa wazi. Kosa likiwamo unaliona, na mwisho ukikosekana unauweka.

Bibi yangu alikuwa anasema, "Papa, weye ungekuwa waziri, tungelala njaa wote."

Sasa, wakati ule alikuwa ameshapata kazi. Mu Nguba, karibu na ziwa, kulikuwa depo ya dawa ya makanisa fulani, inayopeleka dawa kwenye vituo vya afya toka muji mpaka Kavumu, mpaka Katana. Muzungu mumoja aliwaletea ordinatere kubwa, yenye midomo miwili ya disketi, na programu iliyonunuliwa kwa kampuni ya Brussels ya kujua dawa gani iko, ngapi, na itaharibika lini. Wakatafuta mwenye kujua kuandika mbele ya ekra. Mu Bukavu nzima wanawake wa namna hiyo waliweza kuenea kwenye benchi moja. Bibi yangu akapita. Mushahara wake ndio ulilipa shule ya watoto, juu fundi anakula siku watu wanapoharibikiwa, na kuna miezi ambapo watu hawaharibikiwi.

Mimi niliitwa kuifunga ile mashini, kuitia waya na kuiwasha. Kitu cha kwanza nilichofanya, nilitaka kukopia disketi ya programu, ili ya asili ipumzike mu sanduku. Mashini ikakopia vizuri. Lakini nilipoingiza kopi, iliandika kwamba inataka ya asili. Kampuni ilikuwa imeweka kufuli. Kila asubuhi lazima disketi yao yenyewe, ile moja, iingie mudomoni; bila hiyo, hakuna kazi. Nilimwambia Administratere wa depo pale pale, mbele ya muzungu, kwamba kitu hiki siku moja kitawalaza nje. Administratere aliandika neno langu mahali, akanishukuru. Alikuwa mutu mwenye adabu, alisoma univerisite, suruali yake ilikuwa na musitari wa pasi kila siku ya Mungu. Muzungu akaenda kwao. Bibi yangu akatia sahihi kwamba amepokea mashini, klavye ya herufi, ekra, na disketi moja ya asili.

Musomaji kijana huenda hajui kashe, yaani muhuri, ilikuwa nini kwetu mu Zaïre. Karatasi bila kashe haikuwa karatasi. Na kashe zilikuwa mbili. Ile ya wino ni ya kila mutu. Mwanafunzi anaweza kuichonga mu kiazi. Lakini kashe kavu, ile ya chuma, yenye mukono, inayoingiza karatasi katikati ya meno yake na kuibinya mpaka alama inatoka juu sawa kovu, hiyo ilikuwa ya wakubwa tu. Ukiwa na kashe kavu kwenye attestation yako, cheti chako, hata soldat wa barriere ya njiani anakuvulia kofia.

Siku moja bibi yangu alirudi toka kazi, akakaa bila kuvua viatu.

"Papa, ile disketi iko nguvu namna gani?"

"Nguvu ya nini?"

"Ukiibinya."

"Nani anaibinya?"

"Ninauliza tu."

"Maman, mutu haulizake vile tu."

"Ni wiki ya inventere. Kila kitu cha depo kinapewa namba na alama. Viti, frigo, ngazi. Leo ikafika zamu yangu."

"Wakapiga kashe kwenye anvelopu ya disketi."

"Hapana. Yenyewe."

"Ya wino."

"Kavu."

Mimi nilicheka. Nilicheka kweli, mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona yeye hacheki, na miguu yake bado iko mu viatu.

"Nilimuambia, Citoyen Administratere, hii haiko karatasi. Akaniuliza, iko mali ya depo ao haiko? Nikasema iko. Akasema, njo maana. Akaibinya kwa mikono miwili, juu ilikuwa nene."

Wakati ule wote tulikuwa Citoyen na Citoyenne, mwananchi mume na mwananchi muke, kwa lazima. Hata ukimulilia mutu, unamulilia kwa jina hilo.

Kesho yake nilienda. Disketi za zamani zilikuwa laini, utando mwembamba ndani ya ngozi nyeusi. Upepo wa vumbi tu unaziumiza. Kwenye hii, alama ya depo ilikuwa imetokeza pande zote mbili, mviringo muzuri, herufi zake unaweza kuzisoma kwa kidole gizani. Nilipoiingiza mu mashini ilipiga kelele ya panya anayetafuna sanduku. Nikaitoa haraka.

"Citoyen Administratere, imekufa."

"Kashe haiue kitu, Fundi. Kashe inalinda."

"Inalinda karatasi. Hii ndani yake kunazunguka."

Alifunga mulango, akasema pole pole, na sitasahau, juu hakuwa mutu mubaya. "Fundi, mbele yangu kulikuwa mwengine kwenye kiti hiki. Leo iko gerezani juu ya mikroskopi mbili. Zilipatikana nyumbani kwa mutu, na hakuna aliyeweza kuhakikisha ni za depo, hazikukuwa na alama. Watoto wake wanapita hapa kuomba sabuni. Weye unataka na mimi nifuate?"

"Sitaki."

"Basi. Ile disketi ilikuja na facture, karatasi ya malipo. Citoyenne alitia sahihi. Ni yeye ataeleza namna imeharibika mu mikono yake."

"Mu mikono yake?"

"Mashini iko yake. Mimi nilipiga tu kashe."

Hapo nilielewa kwamba ni kazi ya bibi yangu iliyo mezani, na kwamba mwenye kuikata anaogopa kuliko yeye.

Nilimwambia bibi yangu asiogope, mimi niko. Nilikaa na ile mashini siku nyingi. Nilipanguza utando kwa pamba, niliunyoosha kati ya vioo viwili, nilijaribu kopi yangu ya kwanza kwa kila njia niliyosoma kwenye magazeti. Nikagundua ujanja wa kampuni. Walikuwa wameumiza disketi yao wenyewe mahali fulani, kwa makusudi, kidonda kidogo ambacho mashini ya kukopia haiwezi kukirudisha. Kila asubuhi programu inatafuta kidonda chake, ikikikosa, inagoma. Sasa depo ilikuwa imeongeza kidonda kikubwa juu ya kile.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa programu. Dawa zote ambazo bibi yangu aliandika toka mwanzo zilikuwa kwenye disketi zingine, nzima, hazikupigwa chochote. Lakini ziliandikwa kwa siri ya ile kampuni, na bila programu yao ukizifungua unaona alama za wadudu. Kazi ya vidole vyake kumi, na Brussels ndiyo ilikuwa na funguo. Wale wanaosema programu iliyofungwa ni salama, wangekuja kusimama pale karibu na ziwa nikawaonyesha.

Ndipo nikasema, basi tutaandika yetu.

Na tuliandika. Tulichukua ile ya kupanga majina, yenye mwisho wetu, tukaiandika upya kwenye mashini ya depo, tukaipa masanduku badala ya majirani. Jumapili zetu zote ziliingia mule, na saa za jioni za depo wakati wengine wamerudi kwao. Yeye alipanda ngazi, akasoma tarehe kwenye makarton moja moja, akaandika upya yote. Mimi nilitafuta makosa. Na ilitembea. Ninasema mbele ya mutu yeyote: ilitembea. Munganga wa kituo cha upande wa Katana alikuja kuuliza kinini, dawa ya malaria, na bibi yangu alimujibu kabla hajamaliza kukaa.

Ukurasa wa kwanza unaoonekana ukiwasha, niliutengeneza mwenyewe. Niliweka nyota pande zote nne, na katikati: PROGRAMU HII IMETENGENEZWA NA, kisha jina langu lote, kisha chini yake, FUNDI ASIYESHINDWA NA MASHINI.

Bibi yangu aliangalia. "Papa, toa ile."

"Ile gani?"

"Jina. Weka la depo."

"Nani ametengeneza? Depo?"

"Tumetengeneza."

"Basi nitaweka na lako."

"Sitaki langu. Ninataka kazi yangu. Toa."

"Kwenye mashini za Amerika jina la kampuni liko kila mahali, hata chini ya klavye. Wao hawana haya?"

"Liweke basi chini, kadogo."

Niliongeza nyota.

Administratere alikuja kuona siku alipokuwa na wageni wa kamati ya makanisa, padri mumoja na munganga mumoja mwenye miwani. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Bibi yangu akawasha. Nyota zikatoka, jina likatoka, na yule munganga akalisoma kwa sauti mpaka mwisho, akacheka kwa pua.

Administratere hakucheka. "Depo iko ya makanisa ao iko ya bwana yako?"

"Ni mapambo tu, Citoyen," bibi yangu akasema haraka. "Tunaweza kutoa. Hii haiko na kufuli. Angalia." Akawaonyesha karatasi tulizoandika, musitari kwa musitari. "Kila kitu kiko hapa. Mimi nisipokuwapo, mwengine anasoma na anaendelea."

"Mwengine anaweza kubadilisha?"

"Akijua kusoma, ndiyo."

"Kila mutu?"

Mimi nikaona ni nafasi yangu. Nilisimama mbele, nikasema, "Citoyen, ni rahisi sana. Hata mutoto wangu anaweza kubadilisha."

Nilisema kwa fahari, na bado ninaona ndiyo sifa kubwa programu inaweza kupata. Lakini niliona uso wa yule bwana unafungwa. Alikuwa anaangalia rafu za dawa, na ninafikiri alikuwa anaona mikroskopi mbili.

"Kama mutoto anaweza, na mwizi anaweza," akasema. "Kanisa lilinunua programu yenye facture. Mpaka mwisho wa trimestre, hii miezi mitatu, ninataka ile, ya asili, na karatasi zake. Kama haiko, Citoyenne atamuachia mwengine nafasi."

Padri alisema neno la kupoza, kwamba labda wangojee barua toka Brussels. Yule bwana alijibu kwamba barua inahitaji pesa na depo haina.

Tulipanda kutoka Nguba kwa miguu. Tulipofika kwenye mupando wa kilima, bibi yangu akaanza.

"Unajua nilikuwa wapi pale? Nilikuwa nimefika kwenye kutoa jina. Angekubali. Na weye ukaleta mutoto."

"Niliwaambia kweli."

"Ndiyo," akasema. "Uliwaambia."

Basi nikafanya lile linalofanywa. Kampuni ilitaka ilipwe disketi ingine kwa faranga zao, mbele ya kuituma, kwa kitu ambacho depo ilishalipa mara moja. Nani aliye na faranga za Ubelgiji mu Bukavu? Niliuza kile nilichokuwa nacho. Mununuzi alitoka Kavumu, mwenye mashamba karibu na uwanja wa ndege, mutu mwenye pesa na gari mbili. Alizunguka ordinatere yangu sawa anayenunua mbuzi.

"Inaonyesha mupira?"

"Haionyeshi mupira. Inafanya unachoiandikia."

"Sasa mimi nitaiandikia nini?"

"Watoto wako watajua."

"Wangu?" Akacheka. "Hawajui hata kuandika barua kwa nyanya yao." Lakini alinunua, juu mwenzake wa Goma alikuwa nayo. Bibi yangu aliifunga mwenyewe mu kitambaa, akazungusha waya vizuri, akaweka kaseti juu. Nilimuambia abakize ile kaseti ya majina. Akasema, "Ya kutia wapi?" Akaiweka na zingine. Magazeti yenyewe yule bwana hakuyataka. Kiisha siku chache sikuyaona tena kwenye kabati, na sikuuliza. Siku nyingine, kwenye soko, nilipewa karanga mu ukurasa ambao niliujua, wenye alama ya kidole changu pembeni.

Pesa zilienda na sista mumoja aliyekuwa anapitia Bujumbura kurudi Ubelgiji kutibiwa. Tukangoja. Wakati wa kungoja bibi yangu alifanya kazi ya depo kwa karatasi na ngazi, juu programu yetu ilikatazwa. Alikuwa anapanda kwenye rafu kila munganga akiuliza. Magoti yake yalianza pale, na mpaka leo hayajapona.

Anvelopu ilifika siku chache kabla ya trimestre kuisha. Ndani kulikuwa disketi mupya, facture, na barua. Tulikaa sebuleni, chini ya diploma, meza mbele yetu wazi bila ordinatere. Bibi yangu alisoma Kifaransa kimya, midomo ikitembea, kisha ikasimama.

"Soma."

"Wanashukuru kwa ununuzi."

"Na nini tena?"

"Wanasema hii ni ya namna mupya. Wateja walilalamika mingi, na makampuni mengine yanaacha pia. Kwa hiyo wametoa kufuli." Alinipa karatasi, ijapo alijua Kifaransa changu. "Haihitaji tena disketi ya asili. Mutu anaweza kuikopia vile anataka. Na wanaomba samahani kwa usumbufu."

Nilimwambia asome tena. Alisoma tena, maneno yale yale. Sikushangaa. Nilisema mwanzo hakuna kinachoweza kunishangaza na ninarudia. Niliangalia tu mahali ambapo ordinatere ilikuwa, palikuwa na mistatili miwili safi kwenye vumbi, mukubwa wa klavye na mudogo wa kaseti. Nilikuwa nasema vile toka zamani, kwamba kufuli zao hazitadumu. Nilikuwa na haki. Wenye makampuni walichelewa tu kunisikia, na waliponisikia nilikuwa nimeshalipa.

Kesho yake tulienda wote wawili. Administratere alisoma facture pande mbili, akaipima na mwanga wa dirisha, akapumua. Nilimuona mutu aliyelala vibaya muda murefu. Kisha akafungua droo yake, akatoa kile chuma, akavuta disketi kwake.

Bibi yangu aliweka mukono wake juu ya disketi. Kiganja chote, bapa.

"Citoyenne."

"Citoyen Administratere, piga kwenye facture."

"Iko mali ya depo."

"Iko. Piga kwenye facture."

Hakuondoa mukono. Mimi nilikuwa nyuma yake na kwa mara moja mu maisha yangu sikusema kitu. Yule bwana aliangalia chuma, akaangalia vidole vya bibi yangu, akavuta facture na kuipiga kashe. Akaipiga tena pembeni, ili iwe ya kweli zaidi. Bibi yangu akachukua disketi, akaenda kukaa mbele ya mashini yake, na asubuhi ile ile akatengeneza kopi tatu.

Alibaki na kazi. Aliifanya mpaka mashini ile ilipooza kwa vumbi na unyevu wa ziwa, na baada yake wakaleta ingine, na aliifanya hiyo pia. Watoto walisoma. Mimi niliendelea kutengeneza za watu, na zimekuwa nyingi, na kila anayeniletea ananiita kwa heshima. Mara mbili nimepewa mashini nzuri ya bure, ningeweza kuiweka pale mezani. Nimeziuza. Jumapili kiisha misa bibi yangu anapanda kwa dada yake, anarudi jioni, ananiuliza kama nimekula. Ninamuambia nimekula.

Bei ya ordinatere haikutosha. Niliuza na redio, na sanduku la turnevisi la Mugiriki, juu kulikuwa pia pesa ya njia ya sista, na tembre za barua. Ile disketi ilinikula yote pamoja faranga za Ubelgiji elfu kumi na tano mia mbili na makumi ine.